Jinsi ya kuziba ufa wa boti ya faiba kabla haujakila chombo

KWA miaka na mikaka, mvuvi wa Pwani ya Kenya aliyepatwa na ufa chomboni alijua la kufanya. Alikivuta chombo ufuoni maji yalipojaa, akamwita fundi wa majahazi, naye fundi akaziba nafasi baina ya mbao kwa kalafati ya pamba na mafuta, kisha akapaka deheni ya chokaa na shahamu. Chombo kiliporudishwa baharini, mbao zilikunywa maji, zikavimba, na uwazi mdogo uliosalia ukajifunga wenyewe.

Leo hii chombo hicho kimebadilika. Kuanzia Vanga na Shimoni hadi Kilifi, Malindi na Lamu, boti za faiba zimechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya mitumbwi, mashua na ngalawa. Ndizo zinazowavusha abiria baina ya Mokowe na mji wa Lamu, ndizo zinazowabeba watalii katika hifadhi za baharini za Watamu na Kisite, na ndizo ambazo serikali za kaunti na miradi ya uvuvi imekuwa ikiwagawia wavuvi ili wapate kufika maji makuu badala ya kung'ang'ania samaki wa ndani ya miamba.

Hata hivyo, mazoea ya watumiaji hayajabadilika kwa kasi ile ile. Wengi wanaendelea kuitunza boti ya faiba kana kwamba ni mashua ya mbao. Huona ufa mwembamba wakauacha, wakiamini kuwa utajiziba. Wengine huupaka saruji, lami au ile puti wanayoitumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari, kisha hurudi baharini siku ya pili.

Matokeo yake ni kwamba boti ambayo ingetengenezwa kwa siku chache na vifaa vya bei nafuu huishia kulazwa chini ya mnazi, imejaa maji ya mvua, huku mwenyewe akikodi chombo cha mwenzake na kugawana naye kipato. Hapa ndipo usemi wa wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unapopata maana yake kamili.

Faiba ni kitu gani?

Ili kuelewa namna ya kuitengeneza boti ya aina hii, ni sharti kwanza kuelewa jinsi ilivyoundwa. Faiba ni mseto wa vitu viwili: nyuzi nyembamba za kioo na resini, yaani gundi ya maji maji ambayo hugeuka kuwa ngumu inapochanganywa na kemikali ya kuigandisha. Nyuzi ndizo zenye nguvu ya kuvutwa bila kukatika. Resini ndiyo inayozishikanisha na kuzilinda dhidi ya maji.

Teknolojia hii si kongwe. Ray Greene, mjenzi wa boti katika jimbo la Ohio nchini Marekani, hutajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda mashua ndogo kwa nyuzi za kioo na resini, mnamo 1942. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, utaalamu huo ulienea kwa kasi duniani kwa sababu boti nyingi zingeweza kutolewa katika kalibu moja, tena bila kuhitaji magogo makubwa wala seremala wa miaka mingi.

Nje ya mseto huo kuna tabaka jembamba la rangi, ambalo mafundi hulijua kwa jina la jelkoti. Unene wake ni takriban nusu milimita tu. Licha ya wembamba huo, jelkoti ndiyo ngozi ya boti. Huzuia maji yasifikie nyuzi na huikinga resini dhidi ya jua kali la ukanda wa Ikweta.

Ngozi hiyo inapopasuka, maji hupata njia. Hupenya taratibu kufuata nyuzi za kioo, na katika boti zenye mbao au povu gumu katikati ya kuta zake, hulowesha kiini hicho hadi kikaoza au kuachana na faiba. Tofauti na mbao, faiba haivimbi ikajiziba. Ufa ulioachwa hubaki wazi, na kila wimbi linaloigonga boti huuongeza urefu.

Kupima ukubwa wa jeraha

Kazi ya kwanza ya fundi ni kuchunguza. Si kila alama ni hatari, na si kila hatari huonekana kwa macho.

Kuna mikwaruzo inayoishia kwenye jelkoti. Hii hutokana na kuburuta boti mchangani, au kugusana na boti nyingine gatini. Kuna nyufa zinazofikia nyuzi za kioo, ambazo huonekana kama vinyweleo vyeupe ndani ya ufa. Halafu kuna matundu, ambayo kwa kawaida husababishwa na mwamba wa matumbawe, nanga iliyoangushwa vibaya, au boti kupweleza juu ya jiwe.

Njia rahisi ya kujua iwapo sehemu iliyo karibu na jeraha imeathirika ni kuigonga kwa sarafu au kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima hutoa mlio mkavu na wa juu. Faiba iliyoachana matabaka au iliyolowa ndani hutoa mlio mzito, kama wa kitu kilicho kitupu au kilichojaa maji. Fundi hugonga kutoka sehemu nzima akielekea kwenye jeraha, huku akiweka alama ya kalamu pale mlio unapobadilika. Mara nyingi, eneo lililoharibika huwa kubwa kuliko tundu linaloonekana.

Aidha, ni muhimu kujiuliza chanzo cha ufa. Nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui kutoka sehemu moja huashiria kuwa boti iligongwa hapo. Zile zinazozunguka boliti ya kufungia kamba huashiria kuwa sehemu hiyo inabeba mzigo kuliko uwezo wake. Hizi zikizibwa kwa juu tu bila kuimarishwa kwa ndani, zitarejea kabla ya msimu kwisha.

Maji ya chumvi ni adui

Kosa linalofanywa na wengi ni kuanza kuziba mara tu boti inapotoka majini. Resini haishiki kwenye faiba iliyolowa, na chumvi iliyobaki ndani ya ufa huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani hata baada ya jua kuwaka siku nzima.

Kwa hivyo, sehemu iliyoumia sharti ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena zaidi ya mara moja, kisha iachwe ikauke. Ufa wa juu juu waweza kukauka kwa siku moja au mbili. Tundu lililokaa majini kwa muda mrefu laweza kuhitaji wiki nzima au zaidi.

Kuna jaribio dogo lisilohitaji mtambo wowote. Fundi hukata kipande cha nailoni angavu, hukibandika kwa gundi ya utepe pande zote juu ya sehemu iliyooshwa na kukaushwa, kisha hukiacha kwa siku moja. Akiona matone ya maji upande wa ndani wa nailoni, atajua kwamba faiba ingali inatoa unyevu na kazi haijawa tayari kuanza.

Hapa elimu ya kale ya mabaharia ingali na manufaa. Bamvua hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani takriban kila baada ya wiki mbili, na katika pwani ya Kenya tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati huo huzidi mita 3. Boti iliyopandishwa juu ya ufuo wakati wa bamvua moja na kushushwa wakati wa bamvua nyingine hupata muda wa kutosha kuoshwa, kukauka, kutengenezwa na kukomaa. Anayejaribu kumaliza kazi yote katika saa 6 za maji kupwa hujidanganya.

Kusaga bila huruma

Baada ya boti kukauka, sehemu iliyoharibika hufutwa kwa asetoni ili kuondoa mafuta na nta. Hufanywa hivyo kabla ya kupiga msasa, si baada, kwa kuwa msasa ukitangulia huisukuma nta ndani ya mikwaruzo na kuifanya isitoke tena.

Kisha hufuata hatua inayowatia wengi hofu, yaani kulipanua jeraha. Faiba yote iliyopasuka, iliyolegea au iliyobadilika rangi lazima iondolewe hadi fundi afikie sehemu nzima. Kingo za tundu husagwa kwa mteremko, mithili ya ukingo wa sahani, wala haziachwi zikiwa wima. Mteremko huo ndio huipa faiba mpya eneo pana la kushikilia.

Kipimo kinachopendekezwa na wataalamu ni upana wa mteremko kuwa mara 12 ya unene wa ukuta wa boti. Mathalan, ikiwa ukuta una unene wa milimita 5, mteremko utakuwa milimita 60 kila upande. Hivyo basi, tundu lenye upana wa sentimita 4 litahitaji eneo lililosagwa la sentimita 16. Mwenye boti anayeona fundi akifanya hivyo asimlaumu kuwa anaharibu. Anayepaswa kulaumiwa ni yule anayebandika kiraka juu ya jelkoti inayong'aa, kwa kuwa kiraka hicho kitabanduka kama ganda.

Iwapo tundu limepenya hadi ndani, huhitajika kitu cha kuegemeza faiba mpya. Pakiwa na nafasi ya kuingia ndani ya boti, ubao mwembamba uliofunikwa kwa nailoni hushikizwa nyuma ya tundu. Pasipokuwa na nafasi, kipande cha kadibodi kilichopakwa resini na kutobolewa katikati hukunjwa, hupitishwa tunduni, kisha huvutwa kwa uzi hadi kishike kwa ndani.

Kupima resini na kigumishi

Resini inayotumika katika boti nyingi za wavuvi ni ya poliesta. Hugandishwa kwa kigumishi kinachouzwa katika chupa ndogo zilizoandikwa herufi MEKP. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, yaani asilimia 1 hadi 2 ya uzani wa resini. Gramu 100 za resini huhitaji takriban mililita 1 hadi 2 za kigumishi. Bomba la sindano la hospitalini lisilo na sindano latosha kupimia, na ni bora mara mia kuliko kukadiria kwa kifuniko cha chupa.

Katika joto la Pwani, fundi hukaribia asilimia 1 kwa sababu joto huharakisha kuganda. Hata hivyo, kupunguza chini ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji ni hatari. Resini iliyopata kigumishi kidogo kupindukia hubaki laini daima, na hakuna jua litakaloiponya. Iliyopata kingi mno nayo huganda kwa ghafla, huwa na joto jingi na kupasuka.

Baada ya kuchanganya, fundi huwa na dakika 10 hadi 20 za kufanya kazi, kutegemea joto. Kwa sababu hiyo, vipande vyote vya nyuzi hukatwa na kupangwa kabla ya kigumishi kutiwa. Ni vyema pia kuchanganya resini kidogo kidogo, na kufanya kazi asubuhi au alasiri chini ya kivuli.

Ipo pia resini ya epoksi, ambayo hushika zaidi kwenye faiba ya zamani na kuhimili maji vyema zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Kigumishi chake ni tofauti kabisa na uwiano wake hufuata maagizo ya mtengenezaji bila kubadilishwa. Anayeitumia akumbuke mambo mawili. Kwanza, mkeka wa kawaida wa nyuzi zilizokatwakatwa umeshikanishwa na gundi inayoyeyuka katika poliesta lakini si katika epoksi, hivyo yafaa atumie kitambaa cha kufumwa. Pili, jelkoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hivyo kiraka hicho humalizwa kwa rangi ya boti inayolingana nacho.

Kutandaza nyuzi

Mkeka wa nyuzi za kioo huuzwa kwa uzani. Ule wa gramu 450 kwa mita mraba hutoa unene wa karibu milimita 1 kwa kila tabaka. Ukuta wa milimita 5 basi utahitaji takriban matabaka 5. Vipande hukatwa kwa ukubwa unaotofautiana ili vijaze mteremko uliosagwa. Mafundi wengi huanza na kipande kikubwa kinachogusa eneo zima, kisha hufuatisha vidogo, na mwishowe humalizia kwa kipande kinachofunika vyote.

Eneo lililosagwa hupakwa resini kwanza. Mkeka huwekwa juu yake na kugongwagongwa kwa ncha ya brashi hadi weupe wote utoweke na nyuzi zionekane angavu. Mahali palipobaki peupe pana hewa, na penye hewa hapana nguvu. Roli ndogo ya chuma yenye mifereji husaidia kuitoa hewa hiyo. Resini isizidi kipimo, kwa maana kinyume na wanavyodhani wengi, nguvu imo katika nyuzi. Uzani wa resini ukiwa mara mbili hadi mara mbili na nusu ya uzani wa mkeka, hiyo ni kadiri ya kutosha.

Matabaka matatu au manne yatosha kwa mkupuo mmoja. Yakizidi hapo, joto linalozalishwa na resini inapoganda laweza kukiunguza na kukikunja kiraka. Kazi huachwa ipoe, kisha huendelezwa.

Kurejesha ngozi ya boti

Faiba mpya ikishakuwa ngumu, hupigwa msasa hadi iwe chini kidogo ya usawa wa boti, ili jelkoti ipate nafasi. Vijishimo hujazwa kwa puti ya boti isiyonywa maji. Puti ya magari haifai chini ya mstari wa maji, kwani nyingi kati yake zina unga wa ulanga unaofyonza unyevu.

Kwa mikwaruzo na nyufa ambazo hazikufika kwenye nyuzi, kazi huanzia hapa. Ufa hupanuliwa kwa ncha ya patasi hadi uwe na umbo la herufi V, husafishwa, kisha hujazwa jelkoti iliyochanganywa na kigumishi, ikiinuka kidogo juu ya usawa.

Jelkoti nyingi hazigandi sawasawa zikiguswa na hewa. Uso wake hubaki ukinata. Ndiyo maana fundi mjuzi hufunika sehemu hiyo kwa nailoni laini, akaikandamiza kutoa hewa, na kuiondoa siku inayofuata. Baada ya hapo, hupiga msasa wa maji kuanzia namba 220, kisha 400, 600 na 1000, na kumalizia kwa dawa ya kung'arisha. Rangi ya kiraka haitalingana kabisa na ya boti iliyochomwa na jua kwa miaka mingi, lakini bahari haijali rangi.

Usalama wa fundi

Kazi hii ina hatari ambazo mara nyingi hupuuzwa katika karakana za ufuoni. Tone la kigumishi likiingia jichoni laweza kumpofusha mtu. Miwani ya kinga ni lazima, na likitokea la kutokea, jicho huoshwa papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15 kabla ya kukimbizwa hospitalini.

Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, hivyo kipande cha leso mdomoni hakitoshi. Barakoa ya vumbi huvaliwa wakati wa kusaga. Harufu kali ya resini hutokana na kemikali ya stairini, ambayo husababisha kizunguzungu na kuumwa na kichwa, na kwa sababu hiyo haifai kufanya kazi ndani ya chumba cha boti kisichopitisha hewa.

Asetoni na resini hushika moto upesi, kwa hivyo sigara na jiko la makaa viwekwe mbali. Resini iliyobaki koponi isitupwe pipani ingali inaganda, kwa kuwa huweza kupata joto la kutoa moshi na hata kuwaka. Zaidi ya yote, kigumishi cha MEKP kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwani viwili hivyo vikikutana hulipuka. Vumbi na mabaki nayo hukusanywa juu ya turubai na kuondolewa, yasiachwe yakasombwa na maji hadi kwenye mazalia ya samaki.

Wakati wa kumwita mtaalamu

Si kila jeraha ni la kushughulikiwa ufuoni. Ufa katika mkuku, katika ubao wa tezi unaobeba injini, au katika maungio ya sitaha na ubavu si uharibifu mdogo, hata ukionekana mwembamba kama unywele. Kadhalika, sehemu inayobonyea inapokanyagwa huashiria kuwa kiini kimeoza. Boti ya namna hiyo yafaa ikaguliwe na mjenzi wa boti kabla ya kurudi majini.

Vyombo vinavyobeba abiria vina wajibu mkubwa zaidi. Halmashauri ya Ubaharia Nchini (KMA), iliyobuniwa mnamo 2004, ndiyo yenye jukumu la kukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni. Nahodha anayemficha mkaguzi ufa kwa kuupaka rangi hamdanganyi mkaguzi pekee. Anawadanganya abiria wanaopanda wakiwa na watoto mikononi.

Boti iliyotengenezwa ipasavyo husubiri. Resini ya poliesta huwa ngumu kwa saa chache lakini huendelea kukomaa kwa siku kadhaa, na ni busara kuipa wiki moja kabla ya kuishusha. Siku ya kwanza majini, mwenyewe aipeleke karibu na ufuo, ainue mbao za sakafu na kutazama kwa ndani. Pakiwa pakavu, basi atakuwa amekiokoa chombo.

Kusi linapoanza kuvuma mwezi Aprili na bahari kuchafuka, wavuvi wengi hupunguza safari na boti nyingi hulala ufuoni. Huo ndio wakati wa kugonga kwa sarafu, kuosha kwa maji baridi na kuziba nyufa, ila kwa kuwa pia ni msimu wa mvua za masika, turubai la kuifunika boti halikwepeki. Kaskazi itakapoanza kuleta utulivu, kila mmoja atataka kuwa wa kwanza kutoka. Aliyeutumia vyema msimu wa kusi atatoka na chombo chake mwenyewe.